Kamusi ya Vina Inapogoma: Utatuzi wa Matatizo kwa Watunzi Wanaotumia Simu na Tableti

Mwongozo huu umejengwa juu ya malalamiko yanayojirudia miongoni mwa watunzi wa Lamu wanaotumia kamusi za vina, yaani programu zinazomtafutia mtunzi maneno yanayolingana vina, katika simu janja, katika tableti, na mara mojamoja katika zile kompyuta ndogo za mkononi za zamani zinazoandikiwa kwa kalamu. Malalamiko hayo huzidi Mfungo Sita unapokaribia, kwa kuwa mashairi ya Maulidi hutakiwa kwa haraka na mtu hana muda wa kupigana na kifaa. Kila dalili imepangwa pamoja na sababu zake, ikianza sababu inayotokea sana na kuishia na ile ya nadra, na ukaguzi usiohitaji ujuzi wowote umetangulizwa mbele ya marekebisho makubwa. Palipoandikwa kwamba usimame, simama, hasa ikiwa tungo zako hazina nakala mahali pengine.

Kabla ya kusoma dalili yoyote, fanya jaribio dogo ambalo litakuonyesha uende sehemu gani. Tafuta vina vya neno «pata», kisha vya neno «penda». Ukiletewa kwa «pata» maneno kama kata, vita, leta, futa na nta, programu inaelewa kina jinsi mtunzi wa Kiswahili anavyokielewa, yaani silabi nzima ya mwisho. Ukiletewa kata na bata peke yake, bila vita wala leta, programu inafuata kanuni ya lugha nyingine. Ukiona shida na faida katika orodha ya «penda», programu inakata herufi mbili za mwisho bila kujali silabi. Na usipoletewa chochote, tatizo liko katika maandishi uliyoingiza au katika orodha yenyewe, na sehemu inayofuata inakuhusu.

DALILI: HAKUNA KINA HATA KIMOJA KINACHOLETWA

Sababu inayoongoza ni nafasi tupu iliyojificha mwishoni mwa neno. Unapogusa neno linalopendekezwa juu ya kibodi badala ya kulimalizia kwa kidole, kibodi nyingi huongeza nafasi baada ya neno hilo, kwa kudhani kwamba utaendelea na sentensi. Programu ya kawaida haidhuriki na nafasi hiyo, lakini kamusi ya vina kazi yake yote ni kutazama mkia wa neno, na mkia ukiwa ni nafasi tupu basi hakuna neno duniani litakaloafikiana nao. Gusa mwisho wa neno, ufute mara moja, utafute tena. Wengi wanaokuja na malalamiko haya huondoka baada ya hatua hiyo.

Ikiwa hakuna nafasi, soma upya neno lililo katika kisanduku cha kutafutia. Kibodi iliyowekwa lugha ya Kiingereza hurekebisha maneno ya Kiswahili bila kuuliza, na mtu aliyezama katika utunzi haoni kwamba alichokiandika sicho kilichotafutwa. Ongeza Kiswahili katika lugha za kibodi, jambo linalowezekana katika Gboard, kibodi ya Google, au uzime urekebishaji wa tahajia kabisa. Kwa mtunzi anayechanganya Kiamu, lahaja ya Lamu, na Kiswahili sanifu ninapendekeza kuuzima, kwa sababu hata kibodi ya Kiswahili itataka kumsahihisha pale ambapo hajakosea.

Sababu ya tatu ni ritifaa katika maneno yenye ng'. Kwa jicho alama ni moja, lakini ndani ya kifaa kuna angalau alama tatu zinazofanana: ile iliyonyooka, ile iliyopinda, na ile inayohesabiwa kuwa herufi. Orodha ya maneno ikiwa imeandikwa kwa ile iliyonyooka na kibodi yako ikaandika iliyopinda, neno ng'ombe halitapatikana ng'o. Katika iPhone alama iliyonyooka hugeuzwa kuwa iliyopinda kwa sababu ya kipengele cha uakifishaji kinachozimwa ndani ya mipangilio ya kibodi. Katika Android ishikilie alama hiyo kwa muda mrefu hadi zijitokeze nyingine, uchague iliyonyooka.

Hakikisha pia kwamba orodha iliyochaguliwa ni ya Kiswahili. Baadhi ya programu hurudi kwenye lugha yake ya awali kila zinaposasishwa.

Kama umeingiza orodha yako mwenyewe, tuseme maneno uliyoyakusanya kwa miaka na kuchapiwa katika saiba, basi kuna sababu nyingine ambayo ni nadra kwa wengine lakini ya kawaida sana kwako. Kompyuta ya Windows humaliza kila mstari wa maandishi kwa alama mbili zisizoonekana, hali Android na Linux hutumia moja tu. Programu isiyoandaliwa kwa tofauti hiyo huichukua ile alama ya ziada kama herufi ya mwisho ya kila neno, na matokeo yake huwa ya ajabu: ama hakuna neno linaloletwa unapotafuta kwa kuandika, ama maneno yote elfu kadhaa yanaletwa pamoja unapochagua neno kutoka ndani ya orodha, kwa kuwa yote yanaishia na alama moja. Ukiona hali hizi mbili katika kifaa kimoja, usitafute sababu nyingine. Fungua faili katika kihariri cha maandishi kinachoonyesha alama zilizojificha, uchague umaliziaji wa mistari wa aina ya Unix, uhifadhi, uingize upya.

Faili hilohilo laweza kuwa na kasoro ya usimbaji, yaani namna kifaa kinavyogeuza herufi kuwa namba. Lihifadhi kama UTF-8. Notepad (kihariri cha Windows) za kabla ya mwaka 2019 zilipohifadhi UTF-8 ziliongeza alama iliyojificha mwanzoni mwa faili, na kwa hiyo neno la kwanza kabisa la orodha ndilo lisilopatikana, na mengine yote yakawa salama. Tiba rahisi ni kuacha mstari wa kwanza ukiwa mtupu. Lakini ikiwa katika Notepad hizohizo ulichagua ile iliyoandikwa «Unicode», hapo ulihifadhi UTF-16, na faili zima litasomeka kama takataka hadi ulihifadhi upya.

DALILI: MANENO YANALETWA, LAKINI HAYALINGANI VINA

Hapa ndipo lawama nyingi zinaporushiwa kifaa ilhali kifaa ni kizima. Kina cha Kiswahili ni silabi ya mwisho pamoja na konsonanti zake zote, na mkazo wa neno hauna kauli katika jambo hilo, kwa kuwa mkazo wetu karibu daima uko katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza kinahesabu kwa namna nyingine: vina huanza kwenye irabu iliyotiwa mkazo na kuendelea hadi mwisho wa neno, konsonanti iliyotangulia irabu hiyo ikiachwa nje. Programu nyingi za vina za Kiingereza zimejengwa juu ya kamusi za matamshi kama ile ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, yenye maneno zaidi ya 134,000 ya Kiingereza cha Marekani, na programu hizo zikipewa neno la Kiswahili hazina cha kufanya isipokuwa kubahatisha. Ukiandika «pole» unaletewa coal na hole. Hilo halirekebishiki kwa mipangilio yoyote. Tafuta programu inayokubali orodha ya maneno ya Kiswahili, au inayotafuta kwa herufi za mwisho.

Programu zinazotafuta kwa herufi za mwisho nazo zina ugonjwa wake, kwa sababu mtengenezaji huweka idadi isiyobadilika, mara nyingi herufi mbili. Kwa herufi mbili, kesha linapangwa pamoja na raha, penda pamoja na shida, kubwa pamoja na sawa, na nyanya pamoja na haya. Hakuna malenga atakayekubali vina hivyo. Ukaguzi wa kwanza ni kuangalia kama mipangilio inakuruhusu kuongeza idadi hadi tatu unapotafuta -sha, -cha, -nda, -mba, -nya, -bwa na mfano wake, kisha kuirudisha hadi mbili kwa -ta au -ka, na hadi moja kwa maneno kama tulia na pokea, ambayo silabi yake ya mwisho ni irabu tupu. Ni kazi ya kuchosha lakini inatosha kwa mtu anayetunga beti chache.

Tiba ya kudumu, kwa aliye na kijana nyumbani anayejua kuandika programu, ni kubadilisha kanuni yenyewe: kina kiwe kila kinachofuata irabu ya pili kutoka mwisho. Kwa kanuni hiyo kesha hutoa -sha, kubwa hutoa -bwa, na tulia hutoa -a. Lakini mwambie mapema kwamba kanuni hiyo inakwama mahali pawili. Maneno yenye irabu moja, kama mtu, nchi, nta na mchwa, hayana irabu ya pili, na yakiachwa hivyo yatatoa vina vya «mtu» na «nchi» ambavyo haviafikiani na chochote, ingawa sikio linasikia -tu na -chi. Na maneno yaliyotoka Uarabuni yenye konsonanti iliyosimama peke yake katikati, kama nafsi, karne na ruhsa, yatatoa -fsi, -rne na -hsa, wakati mtunzi anayafananisha na basi, nne na visa. Maneno ya makundi haya mawili si mengi, na njia bora ni kuyaandikia kina chake kwa mkono ndani ya orodha badala ya kutafuta kanuni ya werevu zaidi.

Sababu ya nadra ni kipengele cha «sauti zinazokaribiana», ambacho huchanganya dh na z, th na s, gh na g, r na l. Kwa mtunzi wa mwambao, radhi na mzazi si vina vinavyolingana, na hadhira ya Lamu husikia kasoro hiyo mara moja. Kizime.

DALILI: MANENO YA KIAMU HAYAMO

Hili si kosa la programu bali ni pengo la orodha, kwa kuwa orodha karibu zote zimetolewa katika kamusi za Kiswahili sanifu. Katika Kiamu macho ni mato, kichwa ni kitwa, ficha ni fita, moja ni moya, kuja ni kuya, maji ni mai, na utenzi ni utendi. Katika mifano yote hiyo silabi iliyobadilika ndiyo ya mwisho, na kwa hiyo kina kizima kimehama. Mtunzi wa Lamu anayefananisha mato na mtoto, au fita na vita, yuko sawa kabisa, lakini programu itamletea kicho na kificho kwa sababu inajua macho tu. Angalia, hata hivyo, kwamba ndia na njia hazitofautiani kwa kina, kwa kuwa zote mbili huishia na irabu -a. Maneno ya namna hiyo hayahitaji kuongezwa kwa haraka.

Ukaguzi rahisi: tafuta -to, si mato. Ikiwa programu inaleta mtoto, moto na wito, injini yake ni nzima na kinachohitajika ni kuongeza maneno tu. Anza na yale unayoyatumia katika tungo zako mwenyewe, na uyaandike pamoja na umbo lake la sanifu katika safu ya pili ikiwa programu inaruhusu safu mbili, ili uweze kulipata neno kwa njia zote mbili.

Onyo moja linahusu njia ya mkato ambayo kila mtu huifikiria mwanzo, nayo ni kuiamuru kompyuta igeuze kila ch kuwa t na kila j kuwa y katika orodha nzima. Usifanye hivyo. Mabadiliko ya sauti ya Kiamu hayagusi maneno yote, na hasa hayagusi mengi yaliyoingia kutoka lugha nyingine: chai itageuka tai, jamaa itageuka yamaa, na utakuwa na orodha iliyojaa maneno yasiyosemwa Amu wala Unguja. Ikiwa umeshafanya na umehifadhi juu ya faili la awali, acha kulitumia faili hilo na uanze upya na orodha asilia, kwa maana kugeuza t kurudi ch kutaharibu kila t iliyokuwa halali.

Kuna tatizo la kinyume linalowapata wanaotuma tungo zao kwenye mashindano au magazeti. Mhariri akisanifisha mato kuwa macho, kina cha mshororo kinavunjika na lawama humrudia mtunzi. Usitegemee programu ikuonye kuhusu jambo hilo. Tunza nakala ya Kiamu kama ulivyoitunga na nakala ya pili uliyoisanifisha mwenyewe, vina vikiwa vimeshatafutwa upya.

DALILI: ORODHA NI FUPI MNO KWA VINA FULANI

Ukitafuta -ni, -vyo, -ye au -po na kuletewa maneno machache mno, sababu ni kwamba kamusi huorodhesha neno katika umbo lake la msingi. Nyumbani, njooni, tupendavyo na nijapo hazimo kwa sababu hakuna kamusi inayoorodhesha kila umbo linalowezekana. Vivyo hivyo kwa pendwa, someshwa na tazamana katika orodha zenye vitenzi visivyonyambuliwa. Kwa vina hivi usipoteze muda kurekebisha programu. Tafuta kitenzi chochote kinachofaa kwa maana, umalizie kiambishi mwenyewe. Mtunzi hupata -vyo kwa kitenzi chochote apendacho. Vina vinavyohitaji msaada wa mashine kwa kweli ni vile vya nomino zisizoambishwa mwishoni, kama -dhi, -gha, -mbo na -fu.

DALILI: PROGRAMU INAKATAA MIZANI ILIYO SAWA

Programu nyingi za vina huongezewa kihesabu mizani, na kihesabu hicho ndicho kinachogombanisha watu na vifaa vyao kuliko kitu kingine. Mshororo wa utendi una mizani nane, na wa shairi la kawaida una kumi na sita, nane katika ukwapi (kipande cha kwanza) na nane katika utao (kipande cha pili). Kihesabu kinapokuambia saba, sababu ya kwanza ni kwamba kinahesabu irabu tu. Chukua kipande hiki: «Mtu mwema ni hazina». Kwa sikio ni m-tu-mwe-ma-ni-ha-zi-na, mizani nane. Kwa irabu ni saba, maana m ya mtu imesahauliwa. Ukipeleka «Nchi hii ina watu», kihesabu kitasahau n ya nchi, na kile kinachounganisha irabu pacha kitapunguza nyingine katika «hii», ukaambiwa sita.

Sababu ya pili ni kinyume chake: kihesabu kinachoihesabu kila m na n inayotangulia konsonanti. Kwa kihesabu hicho «Mbuzi wangu amekufa» ina mizani kumi, ilhali ni mbu-zi-wa-ngu-a-me-ku-fa, nane.

Jaribu mvua na mvuvi. Mvua ni mvu-a, mizani mbili; mvuvi ni m-vu-vi, tatu. Herufi za mwanzo ni zilezile, lakini katika mvuvi m ni kiambishi cha ngeli na inatamkwa peke yake. Tofauti hiyo hutokea hata ndani ya neno moja: katika «mtu mbaya» mbaya ina mizani tatu, na katika «nyumba mbaya» ina mbili. Kihesabu kinachotazama herufi pekee hakiwezi kujua hilo, na kununua toleo la kulipia hakutakisaidia. Ikiwa programu inakubali alama ya kutenganisha, andika m-vuvi katika orodha yako. Ikiwa haikubali, zima kihesabu na uhesabu kwa vidole. Kwa maneno kama labda, ambayo watunzi huyahesabu kwa namna tofauti na wengine huyaandika labuda ili kutimiza mizani, amua utaratibu wako na uushike katika utungo mzima, kwa kuwa mashine itakufuata popote utakapoipeleka.

DALILI: PROGRAMU HAIFUNGUKI, INAJIFUNGA AU HAIKUBALI KUWEKWA

Zima kifaa na ukiwashe, kisha angalia nafasi iliyobaki. Simu iliyojaa video za harusi hadi ikabakiwa na nafasi kidogo hushindwa kufungua hifadhidata ya maneno, na programu hujifunga bila kueleza sababu. Ukipata nafasi na bado inajifunga, nenda katika mipangilio ya programu hiyo ufute akiba. Tofautisha kwa makini kufuta akiba na kufuta data: akiba ni vitu ambavyo programu itavitengeneza upya, lakini data ni pamoja na orodha uliyoiongeza na rasimu ulizoandika ndani yake. Usifute data, wala usiondoe programu, kabla ya kutoa orodha yako kama faili na kuituma mahali pengine, hata ikiwa ni kwa kujitumia mwenyewe kwa WhatsApp.

Ikiwa programu ilikuwa inasoma orodha kutoka memori kadi na ghafla haiioni baada ya kupata simu mpya, kumbuka kwamba kuanzia Android 11 ya mwaka 2020 programu nyingi zilizoandaliwa kwa mfumo huo hazina tena ruhusa ya kupekua mafaili kwa uhuru. Ingiza orodha kupitia kitufe cha programu chenyewe badala ya kuiweka kwenye folda na kungojea iokotwe. Programu isiyo na kitufe hicho huenda isiweze tena kuisoma orodha hiyo. Android 14 nayo hukataa kuweka programu zilizotengenezwa kwa ajili ya mifumo ya kabla ya Android 6, na baadhi ya simu, kuanzia Pixel 7 ya mwaka 2022, haziendeshi programu za biti 32. Katika hali hizi simu ya zamani iliyolala kabatini ndiyo suluhisho, ilimradi isitumike kwa mambo ya fedha.

Kifaa kikikuambia kwamba memori kadi imeharibika na kukuuliza kama uiumbize upya (format), jibu hapana. Itoe kadi, usiiandikie chochote, umpelekee fundi mwenye kompyuta na zana za kuokoa mafaili. Kila kitu kipya kinachoandikwa juu ya kadi hiyo kinaweza kufuta tungo zilizokuwa bado zinaokoleka.

DALILI: HERUFI ZA KIARABU ZINATOKEA KAMA VISANDUKU, AU HAZITAFUTIKI

Wapo Lamu wanaoandika Kiswahili kwa khati za Kiarabu hadi leo, na baadhi yao wamejaribu kuingiza tungo hizo katika kamusi za vina. Visanduku vitupu vinaonyesha kwamba fonti haina herufi za nyongeza kama پ, چ na ڤ. Badilisha fonti ndani ya programu. Kutopatikana kwa neno linaloonekana wazi mara nyingi kunatokana na kibodi ya Kifarsi, ambayo hutumia herufi «kaf» na «ya» zenye namba za ndani ya kifaa zilizo tofauti na zile za Kiarabu ingawa kwa jicho zinafanana. Tumia kibodi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na irabu zikiwa hazijatiwa, mashine haiwezi kujua kina. Zikitiwa, neno lisilotiwa irabu halitalingana na lililotiwa. Ushauri wangu ni kuandika safu ya pili kwa herufi za Kirumi na kutafuta vina humo.

DALILI: SKRINI HAIITIKII, KIFAA KINAPATA JOTO, AU KIMEINGIA MAJI

Skrini inayoandika herufi nyingine au isiyoitikia, kwanza ifute kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi. Jasho, chumvi ya upepo wa bahari na mafuta ya vidole huisumbua kuliko watu wanavyodhani. Ondoa pia karatasi ya kulinda skrini iliyoanza kubanduka. Ukiona kifaa kinapunguza mwanga au kujizima ukiwa umekaa barazani juani, ujue ni joto: Apple, kwa mfano, inaeleza kwamba iPhone imetengenezwa kutumika katika nyuzi 0 hadi 35, na kifaa kilichoachwa juani huvuka kiwango hicho upesi. Kipeleke kivulini, usikitie kwenye friji.

Kikianguka majini, tuseme katika kivuko cha kwenda Mokowe, kizime papo hapo, usikichaji, usikifukie kwenye mchele, na usitegemee sifa ya kutoingia maji iliyoandikwa kwenye boksi, kwa maana vipimo hivyo hufanywa kwa maji matamu na bahari ina chumvi inayokula shaba ya ndani. Mpelekee fundi siku hiyohiyo. Vivyo hivyo ukiona mgongo wa kifaa umevimba au skrini imeinuka pembeni: hiyo ni betri. Usiibonyeze, usiitoboe, usichaji tena, na usijaribu kuifungua mwenyewe kwa sababu ya kutaka kuokoa utungo mmoja.

KOMPYUTA ZA KALAMU ZA ZAMANI

Bado kuna watu wachache wenye vifaa vya Palm walivyopewa na jamaa au wageni, na wanavipenda kwa sababu havina simu wala ujumbe wa kumkatiza mtunzi. Kalamu ikigusa mahali pamoja na kifaa kikaitikia pengine, rekebisha skrini upya kupitia mipangilio ya kifaa. Programu ikiganda, bonyeza kitundu kilicho nyuma kwa ncha ya klipu. Hatua hiyo haifuti kitu. Lakini kubonyeza kitundu huku umeshikilia kitufe cha kuwashia hufuta kila kitu, na isifanywe ila kwa kukata tamaa.

Katika vifaa vya awali, kuanzia Pilot za mwaka 1996, programu na maneno vyote hukaa katika kumbukumbu inayotegemea betri, na betri zikiisha kabisa orodha yako huondoka nazo. Unapobadilisha zile betri mbili ndogo za AAA, uwe nazo mpya mkononi, kwa kuwa akiba ya umeme iliyomo ndani inatosha kwa dakika moja hivi tu. Tungsten T5 ya mwaka 2004 ndiyo iliyoleta kwa vifaa hivyo kumbukumbu isiyopotea. Kwa vifaa vyenye kadi, kadi ya SDHC, aina iliyokuja mwaka 2006, kwa kawaida haisomwi na vifaa vilivyotengenezwa kabla yake. Tafuta kadi ya GB 2 au chini yake. Maneno huingizwa kama faili la .pdb na programu kama .prc, na ikiwa programu inaonekana lakini inadai haina kamusi, faili la pili ndilo lililosahauliwa wakati wa kuhamisha.